Utomvu Una Mkia

Novemba 4

Kaka ameninunulia daftari hili alipokwenda kutia mafuta kwenye gari. Nilimwambia nataka kuandika mambo ya msimu. Akacheka, akasema niandike tu ila nisimzulie. Basi naanza na jambo ambalo sijamzulia. Mwaka jana mume wangu alinitoa nje na masanduku yangu, nikawa nimeyakalia barabarani kama mzigo uliokosa mwenyewe. Kaka alifika, hakuuliza kitu. Alishuka kwenye gari, akampiga yule bwana ngumi moja ya pua mbele ya majirani zake wote, akapakia masanduku, akaniambia, "Panda, dada." Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda kaka yangu siku ile. Ile ngumi niliipenda pia.

Sasa naishi kwake, kwenye shamba tulipokulia. Tuko wanne: yeye, mkewe, mama yetu na mimi. Mkewe ananiita wifi, nami namwita wifi, na wachumaji wakisikia "wifi" ikiitwa shambani hawajui nani anamtafuta nani.

Novemba 6

Shamba letu lina aina moja tu ya embe, nalo tunaliita bubu, kwa sababu haliwezi kukwambia limeiva. Maembe mengine hupiga wekundu au manjano. Hili ni kijani tangu likiwa dogo kama kidole mpaka siku linapooza. Mgeni akiliona ataapa ni bichi. Ukilipasua unakuta rangi ya kiini cha yai, halina nyuzi hata moja, na kokwa lake jembamba utadhani lilibanwa mlangoni. Kulijua kunataka macho. Unatazama mabega yake kama yamejaa na kupanda kuzidi kikonyo, unatazama kama ule unga mweupe wa kwenye ganda umeanza kufifia, halafu unalinusa pale kikonyo kinaposhikia.

Ubaya wake ni utomvu. Ukivunja kikonyo unaruka, unanuka kama mafuta ya taa, na ukikugusa unaunguza. Ngozi inakuwa nyekundu, inaota malengelenge, halafu inabaki na doa jeusi kwa miezi. Ndiyo maana tunachuma na kikonyo kirefu, tunaleta maembe bandani, tunavunja vikonyo huku tumevaa glavu, na kuyapindua kichwa chini juu ya vichanja ili utomvu udondokee kwenye trei za bati. Kisha tunayaosha kwa maji ya chokaa. Hata hivyo hakuna aliyepona. Mikono yangu ina madoa kama ya chui, ya Mama vilevile, na ya Wifi ndiyo usiseme.

Novemba 9

Joto. Wifi ana doa jipya chini ya jicho. Nimemwambia avae miwani bandani. Akajibu, "Ndiyo, wifi."

Novemba 13

Mnunuzi amepiga simu kwamba lori la kwanza sokoni ndilo litakalopata bei nzuri. Kaka akataka tuchume leo leo. Kuna mchumaji tunamwita Ngazi kwa urefu wake, maana matawi ya chini yote anayafikia akiwa amesimama chini. Alisema, "Bosi, mabega bado. Tukiyakata sasa yatakuwa meupe ndani."

Kaka akamzaba kofi. Kofia ya Ngazi ikaruka mpaka kwenye ndoo ya chokaa. Akaiokota, akaikung'uta, akaivaa ikiwa inadondosha maji meupe mabegani, akaenda zake kwenye mti.

Mimi nilicheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifikiri mdomo wake ni mrefu kama miguu yake.

Novemba 14

Tumechuma.

Novemba 17

Mnunuzi hakupoteza muda. Alichagua embe moja katikati ya kreti, akalipasua kwa kisu chake, akaonja ncha, akatema. Akachagua la pili. Halafu akayarusha miguuni kwa Kaka na kusema, "Haya mpelekee ng'ombe." Akaondoka na lori tupu.

Jioni tulikuwa mezani. Kaka aliuliza nani alitia chumvi kwenye mchuzi. Wifi akasema ni yeye. Sahani ilimpiga kifuani kabla hajamaliza kusema, na kiti kikaenda naye chini. Kaka akamfuata pale sakafuni. Mama aliinua mkono akaongeza sauti ya redio. Nilimwona akifanya hivyo bila hata kugeuza kichwa, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza.

Mimi nilichukua vyombo nikaenda kuosha. Niliosha sufuria moja mara nyingi.

Novemba 18

Bandani leo tulisimama bega kwa bega, mimi na Wifi. Kwa sababu ya joto alikunja mikono ya blauzi, akasahau.

Nimefanya kazi hii tangu nikiwa mtoto wa kusimama juu ya ndoo, na jambo moja nalijua vizuri. Utomvu una mkia. Ni maji, hivyo ukiruka mkononi unashuka kabla hujaupangusa, na doa lake linabaki na mstari unaoelekea chini. Langu lolote ukilitazama lina mkia. Wifi alikuwa na madoa manne juu ya kiwiko, ya mviringo, yamepangana, na la tano upande wa pili. Hakuna hata moja lenye mkia.

Nikamwuliza, "Wifi, utomvu umekupataje huko juu?"

"Umeruka."

"Umeruka ukapita blauzi?"

Akashusha mikono ya blauzi, wa kwanza, kisha wa pili. "Geuza embe lako, wifi. Linachafuka."

Novemba 19

Ni maembe yaliyomtia hasira. Hasara ile ingemtia mtu yeyote wazimu. Kaka yangu namjua.

Novemba 24

Lile zigo lililokataliwa hatukulitupa. Yaliyokomaakomaa tumeyalaza kwenye majani makavu yaive yenyewe, na mabichi kabisa tumeyakata vipande tukayatia chumvi. Bubu halitupwi. Likiiva unapata juisi isiyohitaji sukari, au unakata vipande na kuvianika kwenye nyavu vikawa kama ngozi laini, vikakaa mwaka mzima. Kokwa ukilivunja, ile mbegu ya ndani tunaikausha na kuisaga, tunawapa kuku. Magome ya mti yanatoa rangi ya kahawia ya kutilia nguo. Kitu kimoja tu hufanyi: huchomi kuni zake jikoni, maana moshi wake unavimbisha macho.

Tulipika jemu leo, wawili tu. Nikamsimulia Wifi jinsi mume wangu alivyokuwa akijificha chooni wageni wakija. Alicheka, kisha akashika taya.

"Linauma?"

"Nikicheka tu," akasema. "Kwa hiyo si mara nyingi."

Akakoroga. Halafu akaniambia, kwa sauti ile ile ya kuomba sukari, "Wifi, ipo siku ataniua. Sisemi kwa hasira. Naona tu mambo yanakoelekea."

Nikamwambia asiseme hivyo. Ndicho nilichopata kumwambia.

Novemba 25

Jemu imeshika vizuri.

Desemba 1

Mvua imeanza, na mapema. Bubu halipendi mvua likikaribia kuiva. Ganda linapata vidoa vyeusi na maembe yanaanguka yenyewe. Zamani nilidhani Wifi hutazama mawingu kwa ajili ya nguo za kwenye kamba. Sasa na mimi nayatazama, na si kwa ajili ya nguo.

Desemba 2

Mvua. Kaka hajasema neno tangu asubuhi.

Desemba 3

Mvua. Kaka amemuua mbwa wetu. Alimkuta amekula vipande tulivyoanika, akampiga kwa mpini wa jembe. Mbwa hakukimbia kwa sababu ni Kaka ndiye aliyemlea. Baadaye Kaka alichimba shimo mwenyewe, akamzika, akakaa pale mvuani akilia. Nilimpelekea mwavuli. Akaushika mkono wangu, akasema, "Dada, sijui nina nini." Nikamwonea huruma kweli kweli. Halafu nikageuka nikamwona Wifi kwenye kizingiti, anatazama lile shimo.

Desemba 5

Nimemkabili Mama. Alikuwa akichambua mbegu za kokwa.

"Mama, wewe unasikia yanayotokea kwenye nyumba hii?"

"Masikio yangu hayajambo."

"Sasa mbona huzungumzi?"

Aliendelea kuchambua. "Baba yenu alikuwa hivyo hivyo."

Baba alikufa mimi nikiwa shule ya msingi. Namkumbuka akinibeba mabegani. Nilimwambia Mama kwamba sikuwahi kuona kitu.

"Uliona," akasema. "Uliniuliza, mama una nini mkononi. Nikakwambia utomvu."

Akakunja mkono wa kanzu yake. Kifundo cha mkono wake kimepinda, na nilikijua kimepinda maisha yangu yote. Nilikuwa nadhani alizaliwa nacho. Akakifunika, akaniambia nisogeze ungo, namzibia mwanga.

Desemba 8

Leo nilikuwa na Kaka garini, tunatoka kununua chokaa. Nikajikaza nikamwambia, "Kaka, Wifi utamvunja."

Hakukasirika. Aliendesha kidogo, akasema, "Dada, nani alikutoa kule barabarani?"

"Wewe."

"Kwa kutumia nini?"

Aliunyanyua mkono wake wa kushoto kutoka kwenye gia akaniwekea shingoni kwa nyuma, polepole tu, kama anavyofanya tangu tukiwa wadogo. Uliniwia mzito. Tulipofika sokoni alininunulia viatu. Nimevivaa jioni hii kwa sababu alikuwa akinitazama.

Desemba 9

Sikumwambia Wifi kwamba nilijaribu. Ningemwambia nini? Kwamba nilinunuliwa viatu?

Desemba 15

Jua limerudi na bubu limeiva. Shamba zima linanuka asali. Tumechuma tangu alfajiri, vichanja vimejaa mpaka ukutani, trei zinafurika utomvu na bado unadondoka. Kaka anaimba. Amemnunulia Wifi kitambaa cha kichwa. Wifi amekivaa, akamshukuru, na bado haketi mahali ambapo mgongo wake unaelekea mlango.

Desemba 19

Nitaandika yote, hata sehemu yangu.

Mnunuzi alikuja saa nne na lori. Baada ya yale ya mwezi uliopita hakuwa na imani, akataka aoneshwe yale yaliyoiva sawasawa. Kaka akamchagulia matatu kwa haraka, akayabonyeza, akasema haya. Mawili yalikuwa bado. Mnunuzi akatabasamu vibaya. Wifi alikuwa akipita na kreti. Akasimama, akainama, akanusa mstari mmoja wa maembe, akamkabidhi mnunuzi matano. Yote matano yalikuwa yameiva. Mnunuzi akala moja pale pale, juisi ikamchuruzika kidevuni, akamwambia Kaka mbele ya wachumaji wote, "Bwana, mwenye shamba ni huyu. Wewe kaa nyumbani upike."

Watu wakacheka. Ngazi naye akacheka. Na mimi nikatabasamu kabla sijajizuia. Kaka akacheka kuliko wote.

Lori lilipogeuka kona, alimwambia Wifi aingie bandani wahesabu kreti. Hakuna kreti zilizobaki za kuhesabu. Nikawafuata. Alifunga mlango wa mbele kwa komeo, akageuka akaniona, akasema, "Dada, toka."

Nikamwambia, "Kaka, acha."

"Toka nje."

Na mimi nikatoka. Nilipita mlango mdogo wa nyuma, nikazunguka mpaka mbele waliposimama wachumaji. Nitaishi na hilo. Nilikuwa nimevaa vile viatu.

Tulisikia fimbo ya kuchumia. Nilijua ni ile kwa mlio wake, kwa sababu ni ndefu na inagonga mabati ikiinuliwa. Tukamsikia Wifi akisema, "Basi, baba, basi," kisha mlio mkavu wa kitu kinachovunjika, na haikuwa fimbo. Wachumaji walikuwa wakitazama chini. Ngazi akanisogelea.

"Dada, anaua."

"Si uingie? Wewe ni mwanaume."

"Nikiingia mimi, kesho watasema namtaka mkewe, na atamuua kwa hilo. Wewe ni damu yake."

Nikarudi kwa mlango wa nyuma. Fimbo ilikuwa imevunjika vipande viwili. Wifi alikuwa chini kati ya vichanja, mkono mmoja umelala upande ambao mkono haulali, na Kaka alikuwa amemwekea goti kifuani na vidole vyake vyote kumi viko shingoni kwake. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayekamua nguo. Miguu ya Wifi ilikuwa imekoma kurusharusha.

Nilimwita kwa jina alilopewa na Mama, lile la utotoni. Hakusikia.

Nikachukua trei. Ilikuwa ya kichanja cha mwisho, imejaa utomvu wa asubuhi nzima, mweupe juu na wa kahawia chini. Nikaibeba kwa uangalifu isimwagike, nikasogea mpaka karibu. Nikamwita tena. Safari hii aliinua uso, na macho yake yalikuwa wazi. Nikammwagia yote.

Sitaeleza sauti ile. Alimwachia Wifi, akajishika macho, na mikono yake ilikuwa imelowa utomvu, kwa hiyo kadiri alivyopangusa ndivyo alivyojiunguza. Aliangusha kichanja kizima, maembe yakamwangukia, akawa anabingirika humo akiita Mama. Kila mtu kwenye shamba hili anajua dawa ni maji mengi, mara moja. Pipa lilikuwa hatua chache kutoka nilipo. Nilisimama nikimtazama. Nilitaka niendelee kumtazama.

Ni Wifi aliyesema. Alikohoa kwanza, muda mrefu, kisha sauti ikatoka kama ya mtu mwingine.

"Mpe maji, wifi."

Sikusogea.

"Mpe maji. Akipofuka atakaa nyumbani siku zote."

Ndipo nikachota.

Desemba 20

Leo alfajiri Ngazi alitupeleka hospitali. Kaka mbele, kitambaa machoni, mimi na Wifi nyuma, mkono wake umefungiwa kwenye ubao wa kreti. Njia nzima Ngazi alisema "samahani" kila tulipopita shimo.

Daktari ni mwanamke kijana, mwenye haraka. Alimsafisha Kaka macho na kumwuliza ilikuwaje.

"Utomvu," Kaka akasema. "Ajali ya kazi. Trei ilinianguka."

Daktari akamgeukia Wifi. "Na wewe, mama?"

"Naye ni hapo hapo," Kaka akajibu. "Alishtuka, akateleza. Bandani kuna utomvu kila mahali."

Nikamtazama Wifi. Msimu mzima nimemsikia akisema neno hilo. Mama alilisema kabla yake. Ningeweza kusema mimi, na kwa kweli nilifungua mdomo, lakini akaniwekea mkono wake mzima gotini. Kisha akamwomba daktari asogeze taa. Akakunja mkono wa blauzi mpaka begani.

"Hili ni la utomvu," akasema. "Unaona lina mkia? Unashuka. Na hili pia, na hili. Haya manne hayana mkia, haya ni vidole vyake. Hili ni kiatu. Hapa shingoni ni ya jana, nitazame vizuri. Mkono ameuvunja kwa fimbo ya kuchumia maembe."

Kaka akasema, "Mke wangu amechanganyikiwa."

"Na ya machoni mwake?" daktari akauliza. Alikuwa ameshaacha haraka zake.

"Hayo yana mkia," nikasema. "Nilimmwagia mimi."

Desemba 23

Polisi wamemchukua Kaka kutoka wodini. Jicho la kulia limerudi. La kushoto linaona ukungu.

Desemba 28

Maembe ya mwisho. Ngazi anasimamia wachumaji. Wifi anakaa kwenye kiti na bandeji yake, ananusa, anaonesha kwa kidole, sisi tunabeba. Nimevigawa vile viatu.

Nililia bandani leo. Nilikuwa namlilia Kaka, yule wa barabarani aliyepakia masanduku yangu. Wifi aliniona na hakuniuliza ninamlilia nani.

Januari 6

Askari wa kike amekuja nyumbani kuchukua maelezo yetu. Ameniambia na mimi huenda nikafikishwa mahakamani kwa ajili ya lile jicho. Nikamwambia aandike kama nilivyosema, asipunguze. Akaandika ya Wifi, akaandika yangu, akaandika ya Ngazi. Muda wote Mama alikuwa pembeni na redio yake. Askari akafunika kalamu, akaanza kukusanya karatasi.

Mama akazima redio.

Akavuta kigoda chake mpaka mezani, akakaa, akakunja mkono wa kanzu na kuweka kile kifundo kilichopinda mbele ya askari.

"Na mimi," akasema.

"Wewe amekufanya nini, mama? Mwanao?"

"Si yeye. Baba yake."

"Yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

Askari akamtazama kwa upole. "Mama yangu, huyo siwezi kumshtaki tena."

"Sijasema umshtaki," Mama akasema. "Nimesema uandike."

Askari akafungua kalamu.